Mfanyakazi Yuko Njiani, Kanzidata Iko Ofisini



Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa kanzidata zinazotumiwa na watu walio safarini. Mada hii huonekana kuwa ya mafundi peke yao, lakini yaliyomo ndani ya kanzidata hizo ni yenu nyote: madeni yenu, vipimo vyenu vya hospitali, ada za watoto wenu, namba zenu za simu. Kwa hiyo nitasema kwa lugha ambayo mwenye duka ataifuata, na mafundi mtanivumilia pale nitakaposimama kueleza mnayoyajua.

Tuchukue mfano wa kampuni inayosambaza dawa za binadamu. Ghala liko Dar es Salaam, na maofisa mauzo wanatembea njia yote ya Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma. Hesabu ya stoo na madeni ya wateja vimo katika kanzidata ya MySQL. Ofisa mmoja, tumwite Asha, amefika Makambako, pale barabara ya Songea inapochepuka. Amewasha hotspoti ya simu na kufungua kompyuta yake. Anataka kujua dawa ya presha imebaki katoni ngapi kabla hajamwahidi mteja. Kompyuta inamrudishia hitilafu namba 1130, yaani mashine hii hairuhusiwi kuunganishwa na seva hii. Anampigia fundi wa ofisini. "Kaka, mfumo umegoma tena." Fundi anamjibu, "Pole dada, nitumie IP yako." Asha anaitafuta anwani hiyo ya mtandao, anaituma kwa WhatsApp, fundi anaiongeza kwenye orodha ya anwani zinazoruhusiwa, kazi inaendelea.

Kesho yake Asha yuko Mbeya mjini, anwani imebadilika, na simu inapigwa tena. Jumamosi fundi yuko msibani wakati maofisa watatu wanamtafuta kwa mpigo. Anafungua simu yake, anaingia kwenye seva, na pale panapoandikwa anwani ya mtumiaji anaweka alama ya asilimia. Kwenye MySQL alama hiyo maana yake ni anwani yoyote ile, popote duniani. Anajiambia ni kwa usiku huu tu. Tangu hapo mfumo haugomi, simu hazipigwi, na kwa kuwa hakuna anayelalamika, hakuna anayekumbuka kuiondoa.

Simlaumu fundi huyu. Alipewa swali lisilojibika. Mfumo ulimtaka aseme Asha anatoka wapi, na kazi ya Asha ni kutembea. Ninachosimamia hapa, na ninakiamini kwa dhati, ni kwamba anwani ya IP haifai kuwa kitambulisho cha mtu, na kwamba kanzidata haifai kuonekana kwenye intaneti hata kidogo. Mkikubaliana nami katika hayo, sehemu kubwa iliyobaki ni kazi ambayo fundi mzoefu anaimaliza kwa siku chache.

Tujiulize kwanza kwa nini anwani zinabadilika. Mfumo wa anwani tunaoutumia zaidi, wa toleo la nne, ulipangwa mwaka 1981, na una nafasi ya anwani zipatazo bilioni 4.3. Wakati ule zilionekana nyingi kupita kiasi. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa kwa mamlaka tano za kanda, Afrika ikipokea lake kupitia AFRINIC yenye makao Mauritius. Kampuni za simu zenye mamilioni ya wateja haziwezi kumpa kila mteja anwani yake ya umma. Kwa hiyo simu hupewa anwani ya ndani ya kampuni, na inapotoka kwenda nje huvishwa anwani ya umma inayotumiwa wakati huohuo na wateja wengine wengi. Aprili 2012 lilitengwa fungu maalumu la anwani zaidi ya milioni nne kwa ajili ya mtindo huu, zinazoanzia 100.64. Wengi wenu mkifungua mipangilio ya simu zenu hapa mlipo mtakuta anwani inayoanza na 10 au 100, na mkiingia tovuti ya kuonyesha IP mtakuta nyingine kabisa. Zimeni data, muwashe tena, na huenda hiyo ya pili ikawa imegeuka.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Fundi alipoiongeza ile anwani ya Makambako hakumruhusu Asha peke yake. Aliwaruhusu wateja wote wa kampuni ile ya simu waliokuwa wakitoka nje kwa anwani ileile, na watakaopewa anwani hiyo kesho na keshokutwa. Ni sawa na mlinzi wa geti aliyeambiwa amruhusu kila aliyeshuka kwenye basi la Mbeya. Asha ameshuka humo kweli, na abiria wote wengine nao wameshuka humo.

Wapo wanaotumaini kwamba anwani za toleo la sita zitaliondoa tatizo hili, kwa kuwa ni nyingi mno. Hazitaliondoa. Simu na kompyuta za siku hizi hujitengenezea zenyewe anwani za muda katika toleo la sita na kuzibadilisha, kwa kawaida kila siku, makusudi kabisa, ili mtu asifuatiliwe anakokwenda. Na zinafanya vizuri. Msafiri ana haki ya kutofuatiliwa, nasi tusijenge ulinzi wetu juu ya matumaini kwamba anafuatilika.

Sasa nije kwenye hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa wenye biashara ndogo: "Sisi ni nani mpaka mdukuzi wa Ulaya atujue?" Jibu lake ni kwamba hahitaji kukujua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Zakir Durumeric na wenzake, walitoa programu iitwayo ZMap. Kwa kompyuta moja ya kawaida yenye intaneti ya kasi ya gigabiti moja, programu hiyo ilipita anwani zote za toleo la nne duniani ikiuliza poti moja, yaani mlango wenye namba ambao programu husikilizia, kwa muda usiofika dakika 45. Poti ya MySQL inajulikana, 3306. Ya PostgreSQL ni 5432, ya SQL Server 1433, ya MongoDB 27017. Anayetafuta kanzidata zilizo wazi hachagui nchi wala hasomi jina la kampuni. Anauliza kote, kisha anarudi kwa waliojibu. Tena angalieni jambo dogo katika mfano wetu. Ile hitilafu 1130 aliyoipata Asha ilitoka kwenye MySQL yenyewe. Maana yake, hata kabla ya alama ya asilimia, kila aliyeuliza alikuwa anajibiwa kwamba hapa pana MySQL. Orodha ya anwani ilikuwa inakataa watu, na wakati huohuo seva inawatangazia kwamba ipo.

Madhara ya kujibu ovyo yameandikwa katika historia. Tarehe 25 Januari 2003 kirusi kilichoitwa Slammer kilizishambulia seva za SQL Server kupitia poti 1434. Kilikuwa kidogo ajabu, baiti 376 tu, kinatosha katika kifurushi kimoja cha mtandao. Idadi ya seva zilizoambukizwa ilikuwa ikijizidisha mara mbili kila sekunde 8.5 hivi, na ndani ya dakika kumi karibu asilimia 90 ya zilizokuwa dhaifu zilikuwa zimepatwa, zaidi ya 75,000 kwa jumla. Marekebisho yalikuwa yametolewa na Microsoft miezi sita kabla. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha kinu cha umeme wa nyuklia cha Davis-Besse, Ohio, Marekani. Kinu kile kilikuwa na faiwoli, yaani kizuizi cha mtandao, nayo ilikuwa inaizuia ile poti. Kirusi kiliingia kupitia laini ya mkandarasi iliyokuwa imeunganishwa ndani bila kupita kwenye faiwoli. Mfumo wa kuonyesha vipimo vya usalama ukazimika kwa karibu saa tano. Bahati kinu chenyewe kilikuwa kimesimamishwa. Laini ile iliwekwa kwa sababu ya kawaida kabisa: mtu aliye nje alihitaji kufanya kazi yake.

Kisha likaja la MongoDB. Mwishoni mwa Desemba 2016 mtafiti Mholanzi Victor Gevers alikuta kanzidata iliyofutwa, na mahali pake pameachwa ujumbe wa kudai bitcoin 0.2. Januari ilipofika katikati, kanzidata zilizofanyiwa hivyo zilikuwa makumi ya maelfu. Hapakuwa na udukuzi wa kutisha. Kanzidata zilikuwa zikisikiliza kwenye intaneti bila kudai neno la siri, na aliyepita aliingia akafuta. Baadhi ya waliolipa hawakurudishiwa chochote, kwa sababu aliyefuta hakuwa ametunza nakala. Mwishoni mwa 2017 toleo la 3.6 lilibadilishwa ili kanzidata isisikilize nje mpaka mwenye nayo aamue mwenyewe. Hata hivyo, Julai 2020 likatokea wimbi jingine la kufuta kanzidata zilizo wazi, na safari ile wavamizi hawakudai hata fedha. Walifuta tu.

Basi hatua ya kwanza inaeleweka: kanzidata isisikilize kwenye intaneti. PostgreSQL ikisakinishwa bila kuguswa husikiliza ndani ya mashine yake peke yake. MySQL ya asili husikiliza pande zote, ingawa wafungashaji kama Ubuntu huifungia ndani, kwa hiyo ni lazima mtu aangalie kwa macho yake mpangilio uitwao bind-address. Lakini tukishaifunga, Asha atafikaje?

Swali hili lilimkuta mtu mwingine msafiri kabla yetu. Mwaka 2001 Mmarekani James Yonan alikuwa akisafiri Asia ya Kati huku akifanya kazi na ofisi iliyo kwao. Mawasiliano yake yalikuwa yanapita kwenye kampuni za intaneti za nchi asizozijua, na alipotafuta njia ya kuyakinga hakuridhika na zilizokuwepo. Akaandika yake, ndiyo hii OpenVPN inayotumika duniani hadi leo. Miaka sita kabla yake, huko Finland, Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki aligundua kuwa mtu alikuwa ananasa maneno ya siri yanayopita kwenye mtandao wa chuo. Akaandika SSH mwaka 1995. Zana zote mbili zilizaliwa kwa sababu njia ya katikati haiaminiki. Nazo huanza kwa kudai mtu athibitishe yeye ni nani, bila kujali ametokea wapi.

Kwa ofisi yenye wasafiri wawili watatu, SSH inatosha. Msafiri anaandika amri moja inayofanya poti ya kompyuta yake, tuseme 3307, iungane kwa njia iliyosimbwa na poti 3306 ya seva, na programu yake ya mauzo inadhani kanzidata iko palepale kwenye kompyuta. Kuna masharti mawili ambayo siyalegezi. Kuingia kwa neno la siri kuzimwe kabisa, zitumike funguo tu. Na kwenye ufunguo wa kila msafiri uandikwe mpaka: ufunguo huu unafungua njia ya kwenda poti 3306 na hauna ruhusa ya kutoa amri yoyote kwenye seva. Wengi husahau hilo la pili, na hapo ofisa mauzo anageuka kuwa mtumiaji kamili wa seva bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa ofisi yenye wasafiri wengi ninapendelea WireGuard, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu imekaa kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya Asha. Iliandikwa na Jason Donenfeld, ikaingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux, toleo la 5.6, Machi 2020. Kila kifaa kina jozi ya funguo: wa siri usiotoka kwenye kifaa hicho, na wa wazi unaopelekwa kwenye seva. Seva inamtambua Asha kwa ufunguo wake wa wazi. Haijali ametokea kwenye anwani gani. Ikipokea kifurushi kilichothibitishwa na ufunguo wake, inatazama kimetoka wapi na kuanzia hapo inamjibu hukohuko. Akihama kutoka Wi-Fi ya hoteli kwenda kwenye laini ya simu, kifurushi kinachofuata kinakuja kutoka anwani mpya, seva inasahihisha kumbukumbu yake, na kazi inaendelea bila Asha kuandika chochote wala kumpigia mtu. Na asiye na ufunguo akibisha kwenye poti ile hajibiwi kitu. Seva inanyamaza kana kwamba hakuna programu inayosikiliza. Yule anayepita anwani zote za dunia kwa dakika 45 anapita na hapo asione kitu.

Lakini faida ninayoithamini kuliko zote iko ndani. WireGuard humpa kila mwenye ufunguo anwani ya kudumu katika mtandao wa ndani. Tuseme seva ni 10.8.0.1 na kompyuta ya Asha ni 10.8.0.7. Anwani hiyo ya Asha haibadiliki awe Makambako, Kigoma au Muscat, na hakuna mwingine anayeweza kuitumia, kwa sababu imefungamanishwa na ufunguo wake. Sasa fundi anarudi kwenye MySQL, anaiambia isikilize 10.8.0.1 peke yake, na mahali palipokuwa na 'asha'@'%' anaandika 'asha'@'10.8.0.7'. Utaratibu ule wa zamani wa kuruhusu kwa anwani, uliokuwa unamtesa, sasa unamtumikia, maana safari hii nyuma ya anwani kuna uthibitisho. Wenye PostgreSQL watafanya hivyohivyo kwa mstari mmoja wa faili la pg_hba.conf.

Niwape mafundi mambo mawili ya vitendo hapa. Mitandao yetu ya simu huisahau njia isiyopitisha kitu kwa muda, kwa hiyo wekeni mpangilio wa PersistentKeepalive wa sekunde 25 upande wa msafiri, ili kipande kidogo cha data kiwe kinapita na njia ibaki hai. Bando haliumii kwa hilo. La pili, ofisi nyingi ndogo nazo hazina anwani ya umma ya kudumu, kwa kuwa ruta yao inatumia laini ya simu vilevile. Hapo kodisheni seva ndogo yenye anwani ya kudumu, iwe mahali pa kukutania: ofisi inajiunga nayo kwa ufunguo wake na wasafiri kwa funguo zao. Kanzidata inabaki ofisini.

Njia nyingine mtakazozisikia nitazipitia upesi. Kuna ya kumpa msafiri jina la mtandao linalofuata anwani yake inavyobadilika, kisha faiwoli iruhusu jina hilo. Faiwoli nyingi hulitafsiri jina mara moja tu, sheria inapopakiwa, kwa hiyo anwani ikigeuka sheria inabaki na ya zamani, na hata ikifanya kazi bado unaruhusu wale abiria wote. Kuna ya kubadilisha namba ya poti, 3306 ikawa 33999 kwa mfano. Hiyo inapunguza kelele kwenye logi na haizuii mtu aliyedhamiria. Kuna ya kubisha poti kadhaa kwa mpangilio wa siri ndipo ya kweli ifunguke. Ilikuwa ubunifu mzuri mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini anayesikiliza njiani anaweza kuunakili mpangilio huo. Sioni sababu ya kuhangaika nazo wakati WireGuard ni bure.

Sasa tuseme haya yote yamefanyika, na kompyuta ya Asha ikaibwa stendi ya Mbeya. Ufunguo wa siri umo ndani yake kama faili. Nawasihi mlitarajie tukio hili kabla halijatokea, kwa sababu kompyuta za wasafiri huibwa. Diski isimbwe yote kwa zana iliyomo kwenye mfumo wenyewe, BitLocker kwa Windows au FileVault kwa Mac, ili mwizi auze kompyuta bila kusoma kilichomo. Neno la siri la kanzidata lisihifadhiwe kando ya ufunguo. Akaunti ya Asha iwe na uwezo wa kusoma stoo na kuandika oda zake, basi. Asiwe na uwezo wa kufuta jedwali, kwa kuwa hakuna siku kazi yake itamtaka afute jedwali. Na Asha awe na namba ya simu ya kupiga saa yoyote, akijua kwamba hatagombezwa, atashukuriwa kwa kuwahi. Mfanyakazi anayeogopa kukatwa mshahara atakaa kimya mpaka Jumatatu, na huo ndio muda mwizi anaouhitaji. Kwa upande wa fundi, kumwondoa Asha ni kufuta ufunguo mmoja wa wazi; wasafiri wengine hawaguswi. Hii ndiyo sababu nakataa katakata ufunguo mmoja kutumiwa na timu nzima. Ukiibwa kwa mmoja itabidi kuwabadilishia wote, na kwenye logi hutajua ni nani aliyefanya nini.

Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, inayosafirisha mafuta kwa bomba kuelekea majimbo ya mashariki, ililazimika kulisimamisha bomba lake baada ya kushambuliwa na kundi la DarkSide. Ikalipa bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni nne. Wavamizi hawakuvunja teknolojia yoyote. Walipita kwenye akaunti ya zamani ya VPN, yaani njia ya kuingia kutoka nje kama OpenVPN au WireGuard, ambayo haikuwa ikitumika tena, haikufutwa, na ilikuwa inadai neno la siri peke yake bila uthibitisho wa pili. Kwa hiyo mtu akiwaambia "tuna VPN" kana kwamba amemaliza, muulizeni akaunti za walioacha kazi mwaka jana ziko wapi. Muulizeni pia kama kuna namba ya pili inayodaiwa, ile ya tarakimu sita inayobadilika kwenye simu kila nusu dakika. WireGuard yenyewe haina hatua hiyo, kwa hiyo mwenye data nyeti aiongeze kwenye programu inayofuata au atumie mfumo wa VPN wenye nayo.

Hata zana nzuri kuliko zote huweza kuguswa. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya maktaba ya kubana mafaili iitwayo xz kulikuwa kumefichwa njia ya siri ya kuingilia seva za SSH kwenye baadhi ya matoleo ya Linux. Aliyeificha alikuwa amejijengea uaminifu katika mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili. Freund aliigundua alipokuwa akipima kasi ya kanzidata, akaona kuingia kwa SSH kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, na hakukubali kuliacha jambo dogo lipite bila maelezo. Namheshimu sana mtu yule. Kisa chake ndicho kinachonifanya nisisitize kwamba nyuma ya SSH au VPN kanzidata iendelee kudai uthibitisho wake yenyewe, mawasiliano ya ndani nayo yasimbwe, na masasisho yawekwe kwa wakati. Safu moja ikivuja, ya pili iwepo.

Kuna swali ambalo mafundi hawapendi niliulize. Je, Asha anahitaji kweli kuzungumza na kanzidata moja kwa moja? Maofisa wengi walio safarini hawahitaji. Muunganisho wa kanzidata umezaliwa kwa ajili ya waya tulivu wa ofisini; ukikatika katikati ya oda kwenye mlima wa Kitonga, oda inarudishwa nyuma au inabaki na utata. Sekta ya afya ya nchi zetu ilishalipatia jibu. DHIS2, mfumo ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, unaotumika Tanzania, na ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, haumfikishi mhudumu wa zahanati kwenye kanzidata. Anajaza fomu kwenye kivinjari au kwenye programu ya simu, ambayo hukubali kujazwa hata pasipo mtandao na kutuma baadaye unapopatikana. Seva ndiyo inayoongea na kanzidata, baada ya kukagua aliyetuma ni nani na alichotuma kina maana. Kama kampuni yenu ina uwezo wa kujenga kitu cha namna hiyo, jengeni. Njia ya moja kwa moja ibaki kwa wachache ambao kazi yao haiwezekani bila hiyo, yaani mchambuzi wa takwimu, mkaguzi wa hesabu, na fundi mwenyewe.

Nimetaja dawa tangu mwanzo kwa makusudi. Katika kanzidata ya msambazaji kuna majina ya maduka na madeni yao. Ya zahanati ina jina la mgonjwa na dawa anayotumia kila siku, na kuna magonjwa ambayo yakijulikana mtaani mtu anafukuzwa nyumba. Mgonjwa yule hakuchagua MySQL wala hakuambiwa lolote kuhusu alama ya asilimia. Alitoa taarifa zake kwa sababu alikuwa anaumwa. Sheria sasa inalitambua hilo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinamweka anayekusanya taarifa kuwa mwenye wajibu wa kuzilinda. Wajibu huo haumhamii fundi kwa sababu ndiye aliyebonyeza, na haumwondokei mwenye kampuni kwa kusema kwamba haelewi kompyuta.

Kwa hiyo ninawaomba wenye biashara, kesho mkae na fundi wenu kwa saa moja. Mwambieni awasomee akaunti zote za kanzidata, moja moja, na kila moja aseme ni ya nani, inafanya nini na inaingia kutoka wapi. Isiyojulikana ni ya nani ifutwe siku hiyohiyo. Kisha muulizeni fundi anahitaji siku ngapi za kuifunga kanzidata isionekane nje na kuwaandalia wasafiri funguo zao, mumpe siku hizo bila kumkatiza kwa kazi nyingine. Mafundi wengi wanaijua kazi hii vizuri. Wanachokosa ni muda na idhini, na vyote viwili vinatoka kwenu.